Aliyempanda Meadow Lark

Los Angeles, 9 Februari 1948

Dada Idella,

Natumaini hamjambo na kifua cha Baba kimetulia. Mimi mzima. Keti kwanza, na kama Baba yuko karibu usisome kwa sauti mpaka umalize.

Kazi zangu huku unazijua. Nimefungua milango, nimebeba masanduku, nimesema "Ndiyo, bwana" kwenye sinema saba au nane, na mbili kati ya hizo unaweza hata kuniona uso. Wiki iliyopita nilikuwa mhudumu wa treni. Tulipokuwa tunangoja taa zipangwe, mwandishi mmoja wa kampuni, Bwana Prentiss, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Lexington, Kentucky.

"Basi unajua farasi," akasema.

"Mimi kidogo. Anayejua ni baba yangu. Ndiye aliyempanda Meadow Lark alipochukua Kombe la Elkhorn mwaka 1901."

Alidhani natania. Nikamsimulia yote: farasi jike ambaye kila mtu alisema mguu wake umekwisha, Baba akilala naye bandani msimu mzima wa baridi, na jinsi alivyotoka nyuma ya wote kwenye kona ya mwisho. Kahawa yake ilipoa mkononi. Juzi akaniita ofisini. Kampuni inataka sinema ya familia, ya mbio za farasi, wazazi waende na watoto wao. Atakuja huko mwenyewe kumsikiliza Baba.

Nimeomba nimwigize Baba. Mwili wangu bado mdogo, na kwa mbali naweza kuonekana kijana. Prentiss hakukataa.

Mwambie Baba avae shati lenye kola.

Mdogo wako,
Thad

*

Lexington, 3 Machi 1948

Thad,

Mzungu wako alikuja. Aligonga mlango wa mbele na akavua kofia kabla hajaingia, na mtaa mzima ulikuwa kwenye vibaraza ukijifanya unatazama hali ya hewa. Alikula maharage yangu na mkate wa mahindi jikoni kwetu, akaomba tena. Sijawahi kuona jambo kama hilo, na mimi napiga pasi mashuka ya Wazungu hotelini mwaka wa kumi na moja sasa.

Baba alianza kwa kumtazama viatu. Kisha akasema, "Umekuja kusikia habari za farasi au za Ephraim Coulter?"

"Zote mbili, bwana," Prentiss akajibu. Alimwita bwana, Thad. Nilisikia kwa masikio yangu.

Basi Baba akasimulia. Unajua anavyosimulia: mikono, magoti, kiti kinakuwa tandiko, ufagio unakuwa uzio. Prentiss aliandika mpaka penseli ikaisha ncha, nikampa kisu achonge. Baba alipofika kwenye kona ya mwisho akakomea hapo. Prentiss akamwuliza, "Sasa pale ulikaaje? Ulifanya nini hata akapata zile mbio?"

"Hilo Thaddeus analijua," Baba akasema. "Siku ya kuniigiza itakapofika atawaonyesha mwenyewe."

Nilipomsindikiza mgeni mlangoni macho yake yalikuwa mekundu. Akanishika mkono akasema nchi nzima inastahili kumjua mzee huyu.

Nimewaambia watu wa kanisani. Najua ingefaa ningoje, lakini nilishindwa. Burdett kinyozi amemwambia Baba kuanzia sasa atamnyoa kwa miadi tu, kama watu mashuhuri. Baba amejibu kwamba nywele zenyewe zimebaki chache, miadi ya dakika tano inatosha.

Kaa wima huko, anasema. Usikae kama gunia.

Dada yako,
Idella

*

Los Angeles, 20 Mei 1948

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kazi imeanza. Nimeandikwa kwa wiki sita, na jina la mtu ninayemwigiza limo kwenye hadithi tangu mwanzo mpaka mwisho. Hilo kwangu ni mara ya kwanza.

Tunaamka gizani, tunarudi tumechoka. Farasi waliokodishwa ni wazuri, ila yule wa Meadow Lark ni dume. Usimwambie Baba.

Kuna mvulana mwigizaji, Kenny Voss, ana miaka kumi na miwili, Mzungu, mwenye madoa usoni. Kwenye sinema anaitwa Tommy. Hajawahi kukaa hata juu ya punda. Waliposikia natoka Kentucky wakanipa kazi ya kumfundisha kila asubuhi kabla ya kamera. Ni mtoto mpole, ananiita Bwana Coulter wakiwa hawapo wengine.

Sina nafasi ya kueleza zaidi. Wasalimie wote.

Thad

*

Lexington, 6 Juni 1948

Thad,

Barua yako tumeisoma, nikaisoma tena kibarazani, kisha Burdett akaiomba akaisomee wateja. Kila mtu anauliza swali moja, na Baba ndiye anauliza zaidi: huyo unayemwigiza ni nani? Ni Baba au si Baba? Burdett anasema kampuni huwakataza kusema, wasije wengine wakaiba hadithi. Kama ndivyo, andika tu kwamba umekatazwa, tutaelewa.

Na huyo Tommy tumekubaliana kwamba ni mtoto wa mwenye farasi. Baba anakumbuka mwenye farasi alikuwa na mtoto kweli, ila alikuwa mnene na alimwogopa Meadow Lark. Anasema mfundishe vizuri hata hivyo, mtoto wa mtu ni mtoto.

Baba amenunua suti. Ya kahawia. Mimi nilidhani atakwenda kwenye sinema na ile nyeusi ya mazishi. Akaniambia, "Hiyo nimezikia watu wengi mno, Idella. Haitakuwa na furaha."

Idella

*

Los Angeles, 15 Agosti 1948

Dada,

Barua hii isome peke yako.

Si Baba. Hakuna Baba humo. Nilipopewa karatasi za hadithi mwezi wa nne nilizipekua mara tatu nikitafuta jina la Ephraim. Tommy ndiye analala bandani msimu wa baridi. Tommy ndiye anampanda Meadow Lark. Yale yote aliyoyasema Baba jikoni kwako yamo, Dada, mpaka ile habari ya kumpa farasi asali ya mtama kwenye kiganja, lakini anayefanya ni Tommy.

Nilimfuata Prentiss. Nikamwuliza, "Ephraim yuko wapi?"

Akasema, "Thad, wewe mwelewa. Hii ni sinema ya familia. Huko Kusini wenye majumba ya sinema hawaichukui kama Mweusi ndiye anashinda. Na watoto wanataka kumwona mtoto mwenzao."

"Watoto wa nani?"

Alinitazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha akasema, "Lakini nimekupigania. Nimekuwekea Jasper."

Jasper ndiye mimi. Jasper anatunza banda. Analala mchana kwenye majani makavu, anaiba pai dirishani, na anaogopa farasi. Nilimwambia mwongozaji mtu anayetunza farasi hawezi kuwaogopa, atakufa njaa. Akacheka, akasema ndiyo maana inachekesha. Kuna mahali Jasper anapandishwa juu ya nyumbu kwa nguvu, nyumbu anaondoka naye, anaanguka kwenye hori la maji. Nilianguka siku mbili mfululizo mpaka wakaridhika.

Utaniuliza kwa nini sikuondoka. Getini kila asubuhi kuna wenzangu wamesimama, na yeyote kati yao angekuwa Jasper kabla ya chakula cha mchana. Sina jibu lingine.

Ikifika huko tafadhali usimpeleke Baba. Mwambie kichwa kinakuuma, mwambie tiketi zimekwisha. Tafuta neno.

Thad

*

Lexington, 1 Septemba 1948

Thaddeus,

Unaniomba nitafute neno. Wewe ndiye mwenye kazi ya maneno, mimi napiga pasi.

Umejua tangu mwezi wa nne. Umeniacha nizunguke kanisani kama mwehu, niagize viti vya kwaya nzima, nimwache mzee wa miaka sitini na sita ajifunze kufunga tai mbele ya kioo. Na ile barua yako ya Mei uliiandika ukijua.

Hata hivyo jana nilijaribu. Tulikuwa tunamenya viazi. Nikasema, "Baba, hizi sinema hubadilisha mambo, unajua."

Akasema, "Najua. Watabadilisha rangi ya farasi. Alikuwa mwekundu, na nasikia wekundu hawatoki vizuri kwenye picha."

Nikaendelea kumenya viazi.

Itaonyeshwa hapa mwezi wa kumi na moja. Jumba limeshabandika picha: mtoto Mzungu amekumbatia shingo ya farasi. Baba ameiona. Amesema yule mtoto mnene amepungua.

Panda treni, Thad. Njoo umwambie mwenyewe, ana kwa ana. Mimi siwezi.

Idella

*

Los Angeles, 30 Oktoba 1948

Dada,

Siwezi kuja. Nimepata nyingine, ya besiboli, ya familia vilevile. Ni habari za baba mmoja na mwanawe na timu ya kijiji. Mimi nabeba ndoo ya maji na magongo ya kupigia, na timu ikishinda natupa kofia juu. Tunaanza Jumatatu, na nikikosa siku ya kwanza sitaitwa tena.

Nimeanza barua kwa Baba mara nyingi. Zote nimezichana.

Thad

*

Lexington, 29 Novemba 1948

Thad,

Tulikwenda jana. Nitakuandikia yote, kwa sababu ulipaswa kuwepo.

Tuliingia kwa ngazi za pembeni, tukaenda juu kwenye roshani tunakokaa sisi Weusi. Kwaya yote, Mchungaji na mkewe, Burdett na mkewe, watoto wa shule ya Jumapili mstari wa nyuma. Baba akakaa mbele kabisa, suti ya kahawia, kofia magotini. Jina la Meadow Lark lilipotokea watu wetu wakapiga makofi. Baba akainamisha kichwa kidogo kuwashukuru.

Kisha ikaendelea. Nilisikia makofi yakikauka nyuma yangu. Mama Mchungaji akanong'ona, "Ephraim anaingia saa ngapi?" Ulipotokea umelala kwenye majani, Wazungu chini wakacheka. Uliposema unaogopa farasi wakacheka zaidi. Na nyumbu alipoondoka na wewe, Thad, hata huku juu walicheka, watoto hasa, mpaka mmoja akasema, "Si yule ni mjomba Thad?"

Sikuthubutu kumtazama Baba. Nilitazama mikono yake.

Yule mtoto akashinda. Chini walisimama wote kushangilia. Taa zikawaka, watu wetu wakatoka kimyakimya, wakipita nyuma ya Baba bila kumgusa. Baba hakuinuka.

"Baba, twende," nikasema.

"Hii ilikuwa ya utangulizi," akasema. "Yetu inaanza saa ngapi?"

Burdett, ambaye hajawahi kukosa neno maishani mwake, alikuwa anatazama ndani ya kofia yake. Nikamwambia, "Yetu bado wanaitengeneza, Baba."

"Basi tungoje kidogo."

Tukangoja. Tulikaa pale sisi wawili mpaka mfagiaji akatuambia wanafunga.

Nafikiri akili yake imeanza kuteleza. Nyumbani alikunywa maziwa, akatundika suti, akalala. Hajataja sinema tena. Sijui kama niseme ni afadhali.

Idella

*

Lexington, 12 Januari 1949

Thaddeus,

Naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo itakuwa fupi na mistari itapanda. Dada yako asijue.

Akili yangu haijateleza. Nilijua ndiyo hiyo tangu mwanzo. Ila taa zilipowaka nikamwona Idella ameshika mkoba wake kama mtu anayengoja kupigwa. Ilibidi niseme kitu, na hicho ndicho kilichokuja mdomoni. Nilipoona kimemsaidia nikakiacha. Heri anione mzee aliyechanganyikiwa kuliko ajue kwamba nimeona.

Kuhusu kuanguka kwako, usihangaike. Wapanda farasi wa Kizungu walipoanza kutubana sisi Weusi kwenye uzio katikati ya mbio, na wenye farasi wakaacha kutupa kazi, nilifungua milango kwenye hoteli moja ya Louisville. Niliwachekesha watu walewale waliokuwa wakiniita kwa jina nikishinda. Ninajua kunavyokuwa. Na ulianguka vizuri. Ulitoa mguu kwenye kikanyagio kabla mwili haujaenda, na nyumbu hakuumia.

Ila yule mvulana.

Kwenye kona ya mwisho alilaza shavu la kushoto kwenye shingo ya farasi na kuachia hatamu kidole kimoja kimoja. Hakuna anayepanda hivyo. Sikumwonyesha Prentiss. Sikuwaonyesha hata wale walionilipa kuwafundisha watoto wao. Nilikuonyesha wewe, juu ya pipa nyuma ya nyumba, ulipokuwa na miaka sita. Jina langu walilichukua, na kuchukua wamezoea. Hilo la kona hawakulichukua. Walipewa.

Jumapili mke wa Burdett aliniomba niwasimulie watoto, kama ninavyofanya kila mwaka. Nilipofika kwenye kona binti mmoja akainua mkono, kwa adabu kabisa, akasema, "Lakini babu, yule alikuwa Tommy. Sisi tulimwona." Wenzake wakakubali. Hawakuwa na ubaya wowote. Nikawaambia ndiyo, alikuwa Tommy. Nikachukua kofia yangu.

Kifua ni kilekile.

Baba yako,
E. Coulter

*

Los Angeles, 2 Februari 1949

Baba,

Barua yako imekuwa mezani siku nyingi. Nakuandikia bila kuchana tena.

Ni kweli nilimpa. Hakuna aliyeniamuru. Walitaka tu akae juu ya farasi bila kuanguka, na hilo lilichukua wiki moja. Yaliyobaki nilimfundisha kwa hiari yangu. Mchana nilikuwa Jasper. Asubuhi, kabla wengine hawajaamka, nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja nikimwambia mtoto yule, laza shavu, sasa kidole kidogo, sasa cha pili, na farasi anafunguka chini yake jinsi ulivyosema atafunguka. Nilikuwa nalia, akaniuliza kama ni vumbi.

Nilifikiri hivi. Jina lako halimo, uso wako haumo, basi angalau mkao wako uwemo. Mahali fulani atakaa mtu anayejua farasi, aone ile kona, aseme huyu mtoto amefundishwa na mtu aliyewahi kushinda. Nilitaka uwemo, Baba, hata kama ni kwa namna hiyo. Sikufikiri kwamba nchi nzima itatazama na atakayeona ni wewe peke yako.

Ya besiboli imekwisha. Wananiita kwenye nyingine, ya mpira wa chuo, ya kubeba taulo. Sijawajibu.

Nimepata nafasi kwenye treni wiki ya Pasaka, kama utanikubali.

Mwanao,
Thaddeus

*

Lexington, 20 Februari 1949

Thaddeus,

Yako imefika. Nimeisoma, nikangoja siku kadhaa, nikaisoma tena.

Nimeelewa ulichotaka. Usifanye tena.

Njoo Pasaka. Idella anataka kukualika, ameshaagiza paja la nguruwe na hajui nakuandikia, kwa hiyo jifanye umeshangaa akikuandikia. Burdett ataleta viti, na watu watakuja kukusalimu, wapokee vizuri. Hakuna atakayetaja sinema, nimewaomba. Na mambo ya farasi, mimi na wewe, nayo tuyaache.

Tutazungumza mambo mengine.

Baba yako,
Ephraim Coulter